Kuipanga Siku ya Nyumbani Katika Nchi ya Baridi



Nimeulizwa mara nyingi na vijana, na wazazi pia, ni kwa sababu gani mtu hufika jioni akiwa amechoka ilhali hana alilolitimiza. Aulizaye hutaraji kujibiwa kwa dua. Dua ina mahali pake, wala siikatai; lakini aghlabu ya hao, nilipowauliza siku zao huendaje, nimeona kuwa hawakuzipanga hata kidogo. Wameziacha zijiendee. Basi leo napenda kusema juu ya mpango wa siku na siha ya nyumba, kwa sisi tukaao Mbeya na Iringa na katika milima iliyo baina yake. Nasema kwa sisi, kwa kuwa nchi yetu haifanani na nchi nyingine, na mwili wa mtu hufuata nchi anayokaa.

Mji wa Mbeya uko juu ya usawa wa bahari kiasi cha meta 1,700, na Iringa kiasi cha meta 1,500 na zaidi. Toka Juni hata Agosti baridi hutushika sawasawa, na huko Kitulo umande huganda juu ya majani ukawa mweupe. Walakini desturi nyingi za nyumba zetu za Kiislamu zilipanda huku juu pamoja na watu wa pwani: namna ya kulala, namna ya kujipumzisha adhuhuri, hata saa za kula. Ni desturi njema, lakini zilizaliwa penye joto. Mwenye akili huyachukua ya dini kama yalivyo, na yale ya hewa huyapima.

Mfano wa kwanza ni saa. Zipo nyumba zinazosikiliza adhana ya redio kutoka Dar es Salaam na kuifuata. Jua la Mbeya huchomoza na kuchwa nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa dakika 20 na kitu, na la Iringa kwa kiasi cha robo saa, kwa sababu sisi tuko magharibi zaidi ilhali saa za ukutani ni moja nchi nzima. Basi afunguaye saumu Mbeya kwa adhana ya Dar es Salaam amekula na jua bado halijatua, na huo si upungufu mdogo. Kila msikiti uwe na ratiba ya mji wake, na kila nyumba iibandike mlangoni.

Katika mwezi wa Juni jua la Mbeya huchomoza karibu na saa 1 asubuhi, na alfajiri huingia kiasi cha saa moja na robo kabla yake. Hicho kipande cha wakati, baina ya sala na jua, ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mtume wetu (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika mapema ya siku, na kila aliyejaribu ataona baraka hiyo iko wapi: hakuna mgeni, hakuna mteja, hakuna mtoto aliaye, na kichwa hakijajazwa habari za watu. Aliye na la kuhifadhi ahifadhi wakati huo. Mwenye duka apige hesabu zake. Mwanafunzi asome lile somo linalomtisha, si lile analolipenda. Mimi tangu ujana wangu nimezoea kupitia juzuu yangu wakati huo, kisha kutengeneza somo la watoto wa chuoni, na mambo hayo mawili nikiyamaliza kabla ya chai, siku iliyobaki hunijia nyepesi.

Lakini mtu wa Mbeya ataniambia, “Maalim, wewe wasema baraka, na mimi naliona blanketi.” Ni kweli. Kinachomrudisha mtu kitandani si usingizi, bali ni yale maji. Basi fanyeni hivi: baada ya chakula cha usiku, mkaa ukali bado na moto, chemsheni maji mjaze chupa ya chai mbili, muzifunge vyema. Alfajiri mtayakuta yangali ya moto. Mtachanganya na ya baridi katika kopo, na watu watatu au wanne watatawadha bila kuwasha kuni. Hapana sharti katika sheria yetu kwamba udhu uwe wa kutetemeka. Na mzee ambaye miguu humuuma kwa baridi, avae khofu za ngozi akiwa na udhu kamili, kisha apake juu yake kwa muda wa mchana na usiku wake kama ilivyo ruhusa ya mkazi.

Juu ya usingizi nitasema kidogo, maana hesabu yake ni nyepesi. Mtu mzima ahitaji saa 7 kwa uchache. Akilala saa 4 usiku akaamka saa 11 na nusu alfajiri, amepata saa 7 na nusu; atosheke. Mtoto wa shule ya msingi hatoshelezwi na hizo. Yeye ataka saa 9 na zaidi, kwa hiyo akiamka pamoja na baba yake yampasa awe amelala saa 2 na nusu, mara tu baada ya Isha. Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake, na nyumba inayofuata hivyo haisumbuki kuamka. Ama qailula ni sunna, wala siidharau, lakini katika Julai yetu adhuhuri ndiyo saa njema ya kazi, jua likiwa limepasha mgongo. Dakika 20 zatosha. Wa pwani na walale zaidi, wao wana haki yao.

MOTO NDANI YA CHUMBA

Hapa nataka msomaji asome polepole, na akimaliza amsomee asiyejua kusoma.

Kila msimu wa baridi, katika mikoa hii yetu, husikika habari ya watu waliokutwa wamekufa vitandani na jiko la mkaa likiwa katikati ya chumba. Pengine ni mume na mke, pengine ni mama na watoto wake, pengine ni vijana waliopanga chumba kimoja. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa matambara, hapana jeraha wala alama ya mapigano. Na majirani huanza kunong'ona: wamelogwa, wamelishwa sumu, jini limepita.

Hapana jini. Mkaa unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu, wataalamu waiita kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni mbichi. Hapo ndipo watu hudanganyika, maana huona jiko jekundu lisilo moshi wakasema limeshakuwa salama, lifaa kuingizwa ndani. Kumbe moshi ule ulikuwa ukiwaonya, na sasa mwonyaji ameondoka na sumu imebaki. Ikivutwa, huingia katika damu na kukaa mahali pa ile hewa safi tunayoishi kwayo, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi. Damu hutembea mwilini lakini haina inachokibeba. Kichwa huuma, kizunguzungu hushika, moyo huchafuka, miguu hulegea, kisha huja usingizi mzito. Na aliyekwisha lala huenda asihisi lolote katika hayo.

Katika mtaa mmoja wa hapa kwetu niliitwa usiku nikamsomee mama na binti zake wawili walioanguka kwa pamoja. Nilipofika mlangoni nikaliona jiko. Niliwaambia wenye nyumba wafungue mlango na madirisha yote, wawabebe wote watatu nje hata kama kuna baridi, na mtu akatafute gari la kwenda hospitali. Mzee mmoja alikasirika, akasema, “Tumekuita kwa Qur'ani, nawe watuambia habari za madirisha?” Nikamwambia Qur'ani nitaisoma njiani. Hospitali walipewa hewa ya mtungi, na alhamdulillahi wote watatu wako hai. Yule mzee hatukuelewana hata leo, lakini jikoni kwake nasikia jiko halivuki kizingiti.

Basi yashikeni haya. Likimtokea mtu, la kwanza ni kumtoa kwenye hewa ya nje, la pili ni hospitali upesi hata akionekana amepata nafuu. Asinyweshwe maziwa. Watu wengi huamini kuwa maziwa huondoa kila sumu. Hii haimo tumboni, imo katika damu, na mtu aliyezimia akinyweshwa kitu chaweza kumpalia akafa kwa hicho. Na ikiwa watu wawili au zaidi katika nyumba moja wameamka na kichwa kinawauma, na maumivu hupungua wakitoka nje, msingoje dalili ya tatu.

Kwa kupasha chumba joto, wakeni jiko nje mpaka likolee, liingizwe mapema jioni watu wakiwa macho na dirisha likiwa wazi, kisha litolewe nje kabisa kabla mtu wa kwanza hajalala. Kuliweka nyuma ya mlango hakutoshi, na kulifunika kwa majivu hakutoshi. Chini ya majivu mkaa ungali waungua. Mtume (s.a.w.) alitukataza kuuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba zetu tunapolala, na amri hiyo imo katika hadithi zilizo sahihi. Wengi wetu tuliisikia chuoni tukidhani ni habari ya taa za zamani na kuungua kwa nyumba. Nasi tusomao hadithi hiyo katika mji wa baridi tuna sababu ya kuishika kuliko watu wote.

Joto la kulalia litafutwe kwengine. Blanketi mbili nyembamba hushinda moja nene, kwa kuwa hewa iliyo katikati hushika joto. Zianikwe juani kila zinapoweza, maana blanketi lenye unyevu ni baridi tupu. Chini ya godoro tandikeni mkeka au maboksi, kwani sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha. Watoto wavae soksi na kofia. Chupa imara ya maji ya moto yasiyochemka, ikifungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, hupasha kitanda cha mzee kuliko jiko. Na dirisha liachwe na upenyo kiasi cha kiganja. Baridi inayoingia hapo haijaua mtu aliyejifunika.

SAHANI YA MTOTO

Jambo jingine lataka haya kulisema, lakini tutalisema. Nchi yetu ndiyo ilishayo nchi nyingine. Mahindi ya Iringa, viazi mviringo, maharage, mchele wa Kyela na Usangu, ndizi na maziwa ya Rungwe, maparachichi, chai ya Mufindi: hakuna soko kubwa mahali pengi pa Tanzania lisilokula jasho la watu wa huku. Pamoja na hayo, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulipopima watoto walio chini ya miaka 5, katika kila watoto 100 wa mkoa wa Iringa karibu 57 walikutwa wamedumaa, yaani kimo chao hakiufikii umri wao. Njombe walikuwa kiasi cha nusu. Kwa Tanzania nzima walikuwa 30 katika 100. Iringa ilikuwa ya juu kuliko mikoa yote.

Someni tena hesabu hiyo. Mkoa wenye ghala ndio wenye watoto wafupi kwa njaa isiyoonekana. Wako watakaosema ni asili, watu wa milimani ni wafupi. Si hivyo. Kimo cha mtoto huathirika zaidi toka mimba inapotungwa hata atimize miaka 2, na aliyedumaa wakati huo si mwili tu unaopungukiwa. Akili yake nayo hukosa chakula cha kuijenga. Mimi nafundisha watoto. Namjua mtoto mvivu, na namjua mtoto asiyeweza kuzishika aya tatu mpaka kesho, hata ajitahidi vipi. Wa pili huyu hapigwi fimbo, wallahi, maana shida yake ilianza kabla hajajua alifu.

Sababu yake hasa nini? Kwa niliyoyaona majumbani, imo katika mpango wa siku, na ndiyo maana naitaja hapa. Mama huondoka shambani asubuhi na kurejea alasiri. Mtoto huachwa na dada yake wa miaka 8 na kikombe cha uji mwepesi wa mahindi matupu. Maji mengi, unga kidogo, tumbo linajaa na mwili haupati. Hula mara mbili kwa siku. Mayai yapo, yamepelekwa sokoni. Maparachichi yapo, ameyanunua mwenye lori. Maziwa yapo, yameuzwa, na fedha imerudi na vocha ya simu na soda. Silaumu kuuza; mkulima asiyeuza atavaa nini? Nasema tu kwamba kabla ya kuhesabu yanayokwenda sokoni, ihesabiwe haki ya mdogo wa nyumba: yai moja kwa siku, kikombe cha maziwa, nusu parachichi. Trei moja lina mayai 30, nalo ni la mtoto mmoja kwa mwezi mzima. Baba mwenye nyumba aliandike hilo kama aandikavyo deni.

Kwa miezi 6 ya mwanzo mtoto hahitaji ila maziwa ya mama, hata maji hayahitaji. Kisha aongezewe chakula, na kunyonya kuendelee. Qur'ani imewataja akina mama wanaotimiza kunyonyesha miaka miwili kamili, na madaktari wasema vivyo hivyo. Uji uwe mzito kiasi cha kutomwagika kijikoni, utiwe karanga zilizosagwa au maziwa. Tangu mwezi wa 9 ale mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati. Maharage yaliyopondwa, mboga za majani, dagaa waliotwangwa, hivi si vyakula vya matajiri.

Maharage yalowekwe usiku kabla ya kulala. Yatalainika upesi, kuni zitapungua, na mama atapata saa moja aliyokuwa akiipoteza jikoni kesho yake. Tena, kwa kuwa tumekaa katika nchi ya chai: chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, nayo ndiyo yajengayo damu. Watoto na wajawazito wale kwanza. Chai, kama hapana budi, ije baada ya saa moja. Najua hili litawaudhi watu wa Mufindi.

Neno kwa vijana, na litakuwa fupi, kwa sababu marefu hamyasomi. Simu ilale chumba kingine. Mkinijibu kuwa ndiyo saa yenu ya kuamshia, saa ya kengele hupatikana sokoni kwa bei ndogo. Na kuhusu kubeti, jina limebadilika tu. Ni kamari ile ile iliyoharamishwa. Nimewaona waendesha bodaboda wa Mwanjelwa wakitoka alfajiri katika baridi hiyo niliyoieleza, wakifanya kazi mpaka magharibi, kisha kuiweka fedha yote katika simu kabla ya Isha. Huyo hana upungufu wa bidii. Aweke daftari mfukoni, aandike kilichoingia na kilichotoka kila siku kwa mwezi mmoja, bila kujikataza lolote, kisha asome mwenyewe.

Akina mama waliosikia maneno haya nilipoyasema darasani Ijumaa moja walinirudishia swali: katika mpango wote huu, wa chupa za maji na maharage na uji wa mara nne, mama hulala saa ngapi? Swali la haki. Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na kuwatumikia watu wa nyumba yake, naye alikuwa na umma mzima wa kuangalia. Basi mtoto wa kiume wa miaka 12 aweza kuloweka maharage, kujaza chupa, kuanika blanketi na kulitoa jiko nje. Na baba yake aweza kumpakulia mdogo chakula wakati mama anasali. Wanangu wawili walifanya kazi hizo kwa zamu, mmoja jiko na mmoja maji, mpaka siku walipooa. Mmoja yuko Mafinga, mmoja Uyole, na wake zao hawajaniletea mashtaka.